Majani Yanayojizika

Kuna sauti inayoweza kumkata mtu miguu katikati ya njia, na Mama Ndoo aliisikia asubuhi akiwa mlangoni pa mgahawa, ndoo ya maziwa mkononi. Trekta. Tena halikuwa barabarani likipita zake. Lilikuwa upande wa mawe, linakwenda, linanyamaza kidogo likigeuka, linarudi. Na upande ule wa mawe hakukuwa na shamba la mtu mwingine yeyote. Kulikuwa na lake.

"Mbona humimini?" mwenye mgahawa akauliza, sufuria ameikinga mbele.

"Nani ameita trekta?"

"Trekta gani tena, Mama Ndoo? Mimi nataka maziwa."

Alibandika mfuniko kwenye ndoo akaondoka mbio, na mwenye mgahawa akabaki akipiga kelele kwamba wateja wanasubiri chai. Wasubiri! Hakuna aliyewahi kufa kwa kunywa chai ya rangi.

Vumbi aliliona kabla ya shamba. Lilikuwa limepanda juu, jekundu, na upepo unalipeleka barabarani bila kujali. Mama Ndoo alipofika kwenye lango, lile lango la miti alilofunga mumewe kwa mpira wa baiskeli, alikuta mpira umekatwa kwa kisu. Nusu ya shamba ilikuwa imeshageuzwa tumbo juu.

Kwa mtu anayepita njiani wakati wa kiangazi, shamba lile halikuwa na cha kutazama. Lilifunikwa na majani makavu ya kahawia, yamelaliana, yanavunjika ukiyakanyaga. Watu walimcheka sana. Walimwuliza kama amepanda au amezika. Wasijue kwamba hapo walikuwa wamepatia, kwa sababu majani yale, ambayo ni ndugu wa kunde, huota mvua zikianza, hutambaa, hutoa maua madogo, kisha huinamisha vichwa na kuzizika mbegu zake yenyewe, juu juu tu udongoni. Joto likija yanakauka. Mbegu zinalala chini, hazidai maji wala palizi, zinangoja mvua nyingine ziote upya bila mtu kupanda. Pale mtaani waliyaita majizike. Na yale makavu yanayobaki juu ndiyo yaliyokuwa chakula cha ng'ombe wake wawili, Bi Mkubwa na Kidosho, kiangazi chote, wakati ng'ombe wa wenzake wanatafuna maboksi.

Mwaka ule wa kwanza aliopanda, hakuwaruhusu ng'ombe watie hata pua mpaka maua yaishe na mbegu zizikwe. Alikata nyasi za kando ya barabara kwa mundu, mgongo unamwaka moto, na watu wakasema huyu mama akili zimemruka, ana shamba la kijani halafu anagombania nyasi za mtaroni. Aliendelea kukata. Akasubiri. Na sasa majembe ya trekta yalikuwa yanazichukua mbegu zake na kuzifukia chini kabisa, mahali ambapo hata mvua ya mafuriko isingeziamsha.

Dereva wa trekta alikuwa amezima injini, ameketi kwenye kivuli cha gurudumu, anakunywa maji.

"Wewe! Nani amekuambia ulime hapa?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Nani amekutuma?"

Dereva alisimama, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Mama Ndoo zaidi, kwa sababu alitaka sana awe mbaya. "Kaka Mkubwa, shemeji yako, amenituma. Amesema ni shamba la familia, limetelekezwa, nilisafishe lote leo. Mimi nimetumwa tu, mama."

"Limetelekezwa?" Mama Ndoo akainama, akazoa fungu la majani makavu, akamsogezea puani. "Hiki ni chakula! Ng'ombe wangu wanakula hiki mpaka mvua zije! Umekilima chakula, mwanangu, unaelewa? Umeingia jikoni kwangu ukapindua chungu."

"Mimi niliona kama takataka, mama."

"Uliona kama takataka kwa sababu hukuuliza."

"Basi nisamehe. Lakini siwezi kuacha nusu. Nikiacha nusu Kaka Mkubwa atanila nyama."

Akanywa fundo jingine la maji, akageuka kuiweka chupa chini. Alipoinua kichwa, Mama Ndoo alikuwa amepanda kwenye trekta, kanga imekwama kwenye usukani, na ufunguo umo mkononi mwake. Akaufunua mfuniko wa ndoo. Akaudondosha ufunguo ndani ya maziwa, chubwi, akafunika.

"Mama! Mama, huo ufunguo!"

"Kaka Mkubwa huletewa maziwa ya bure kila siku kutoka kwangu. Leo atayapata na ufunguo wake. Wewe kaa hapo kivulini."

*

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, mpira wa ndani ameuzamisha kwenye beseni la maji, anatafuta tundu. Mteja mmoja alikaa kwenye benchi akisubiri.

"Kaka yako analima shamba," Mama Ndoo akasema.

Mikono ya Fundi ilitulia majini. Hakuinua uso wala hakuuliza shamba lipi. Hapo ndipo damu ilipomchemka mkewe, kwa sababu mtu asiyejua jambo hushtuka.

"Ulijua!"

"Alipita hapa juzi," Fundi akasema taratibu. "Akasema lile shamba ni aibu kwa jina la baba. Anagombea uenyekiti wa chama cha wafugaji, na wageni wake watapita njia ile. Akasema ataleta trekta alisafishe, apande mahindi."

"Ukamjibuje?"

Povu dogo lilitoka kwenye mpira. Fundi akaliziba kwa kidole gumba kana kwamba lilikuwa linasema jambo la siri.

"Nakuuliza, ukamjibuje?"

"Nikasema ndiyo, kaka."

Mteja kwenye benchi aligundua ghafla kwamba kucha zake zinahitaji kutazamwa. Mama Ndoo alicheka kicheko kisicho na raha hata chembe.

"Ndiyo, kaka! Baba yenu alipofariki akachukua bonde lote, akatuachia mawe. Ndiyo, kaka. Kila asubuhi anataka maziwa ya bure kwa sababu ng'ombe ni wa familia. Ndiyo, kaka. Siku Kidosho alipokwama kwenye kuzaa usiku kucha, tukamwita aje, hiyo familia ilikuwa wapi? Hivi neno jingine hukufundishwa?"

"Mke wangu, punguza sauti. Kuna watu."

"Wasikie!"

"Nilidhani ni maneno tu," Fundi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kueleweka. "Wewe mwenyewe unamjua. Alisema ataleta mabati, yako wapi? Alisema atatuchimbia kisima. Kila akija ana ahadi. Mimi humwitikia aondoke, nifanye kazi yangu. Tangu lini jambo alilosema akalifanya?"

Na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu, Mungu anisamehe. Mwanamume alikuwa ameizoea mno midomo mitupu ya kaka yake hadi akasahau kwamba iko siku mdomo unaweza kuleta trekta.

"Mabati hayakufika," Mama Ndoo akasema. "Kisima hakikufika. Imefika hii ya kutuharibia. Hongera, Fundi."

"Limelimwa lote?" Fundi akauliza.

"Nenda ukaone mwenyewe, kama miguu yako haihitaji ruhusa ya kaka."

Akachukua ndoo yake. Alipofika kona alisikia mteja akisema kwa upole, "Pole, Fundi, hawa wake zetu," na Fundi hakumjibu, na hilo pia lilimuudhi. Siku hiyo kila kitu kilimuudhi. Ana haki.

*

Bi Mkubwa alikuwa ng'ombe mzito, mwenye maringo, asiyependa kuharakishwa. Kidosho alikuwa mdogo na mwoga. Mama Ndoo aliwafungua wote wawili zizini, akashika kamba zao kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono mwingine, akaingia nao barabarani mchana kweupe. Watoto wakafuata. Muuza mkaa akauliza, "Unawapeleka mnadani?" Akajibiwa, "Nawapeleka kwao."

Nyumba ya Kaka Mkubwa ilikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta kulikuwa na bustani. Mtaani watu walipanga madumu kwenye bomba la umma tangu alfajiri. Humu ndani mpira wa maji ulikuwa umelazwa juu ya nyasi, unatiririka wenyewe, unamwagilia maua yasiyolika na mtu wala mnyama. Wageni wa chama cha wafugaji walikaa barazani kwenye viti vya plastiki vya kukodi, soda mbele yao. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama, tumbo mbele, anaeleza.

"...kwa hiyo ndugu zangu, sisi wafugaji tatizo letu kubwa ni malisho. Mimi mkinipa nafasi, jambo la kwanza nitakalosimamia ni malisho."

"Hodi," Mama Ndoo akasema.

Alikuwa ameshaingia. Kidosho aliuona mpira wa maji akaenda moja kwa moja kunywa. Bi Mkubwa alivinusa vichaka vya maua, akaona vinafaa, akaanza.

"Shemeji!" Kaka Mkubwa akatoa macho. "Shemeji, nini hii? Ng'ombe! Wanakula maua!"

"Wana njaa." Mama Ndoo akaifunga kamba ya Bi Mkubwa kwenye nguzo ya baraza, mafundo mawili, kisha ya Kidosho. "Nimekuletea. Walishe."

Kaka Mkubwa aligeuza uso kwa wageni, na tabasamu likamtoka kwa shida. "Msijali. Huyu ni mke wa mdogo wangu. Jua la kiangazi hili, linawapanda watu kichwani." Mgeni mmoja akacheka. Wengine wakatazama soda zao. "Shemeji, njoo ndani tuyazungumze kifamilia."

"Ulipolima uliita nani ndani?"

"Aa, kumbe ni shamba? Shamba nimekusaidia! Lilikuwa jangwa lile!"

"Lilikuwa ghala la chakula. Lina majani makavu ya ng'ombe hawa, na chini yake mbegu za mwaka ujao. Nimelitunza kama mtoto mchanga. Sikuwahi kukuomba maji, sikukuomba mbolea, sikukuomba hata pole. Nilikuomba lini trekta lije kugeuza nusu yake?"

"Lakini shamba ni la familia."

"Sawa. Shamba ni la familia. Maziwa unayokunywa kila asubuhi ni ya familia. Basi na njaa ya ng'ombe ni ya familia. Kaa nayo!" Akaiweka ndoo mezani, katikati ya soda, maziwa yakaruka kidogo kwenye shati la mtu. "Na maziwa yako ya leo haya hapa. Chota taratibu, yana ufunguo wa trekta ndani."

Hakuna aliyecheka sasa. Katibu wa chama, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinuka, akafunua mfuniko, akachungulia. Akaingiza kijiko kirefu cha juisi na kutoa ufunguo, unachuruzika. Akauweka mbele ya Kaka Mkubwa juu ya kitambaa cheupe.

Ndipo Fundi alipoingia, anahema, baiskeli ya mteja wake ameitupa getini. Alimwona mkewe, akawaona ng'ombe, akaliona shati la kaka yake likipanda na kushuka.

"Afadhali umekuja!" Kaka Mkubwa akasema. "Mwambie mkeo afungue ng'ombe wake. Sasa hivi!"

Mama Ndoo alimtazama mumewe. Watu wote walimtazama. Hata Bi Mkubwa aliacha kutafuna, au ndivyo ilivyoonekana.

"Ndiyo, kaka," Fundi akasema, akainama kwenye nguzo, akaanza kufungua.

Mama Ndoo hajawahi kumchukia mtu kama alivyoichukia ile shingo iliyoinama. Mafundo yake mwenyewe, aliyoyakaza kwa hasira zake mwenyewe, yanafunguliwa na mikono aliyoizoea. Machozi yalimjia akayameza. Hakutaka kumpa Kaka Mkubwa na hayo.

Katibu wa chama alikohoa. "Samahani, mheshimiwa mgombea. Hii nusu iliyobaki, nayo utailima?"

Kaka Mkubwa alitazama wageni wake mmoja mmoja. Wafugaji wale walikuwa wanamtazama Kidosho, mbavu zake, wala si maua.

"Aa, hapana," akasema. "Nusu ile nimewaachia. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu mwanzo."

"Mmesikia nyote," Mama Ndoo akasema, akachukua ndoo yake na kuyamwaga maziwa yote chini ya maua yale. Kama ni kumwagilia, basi na tumwagilie.

Fundi alikokota baiskeli kwa mkono mmoja na ng'ombe kwa mwingine, mkewe mbele. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Ningemjibuje mbele za watu? Ni kaka yangu."

"Ungesema hapana," Mama Ndoo akasema bila kugeuka. "Ni neno fupi kuliko ndiyo kaka."

*

Nusu shamba haikutosha ng'ombe wawili, na hilo kila mtu alilijua tangu siku ile. Kiangazi kilikaza. Mama Ndoo aliyapimia majani yale makavu kama mtu anayepimia dawa, maana akiwaachia ng'ombe wakwangue mpaka chini watachimbua na mbegu. Kila alipopita kando ya ile nusu nyingine, tupu, nyekundu, upepo unaichukua kidogo kidogo, alitema mate. Alirudi kukata nyasi za mtaroni, lakini safari hii mtaro ulikuwa mkavu.

Kidosho aliuzwa. Mnunuzi alimbinya mbavu mbele ya Mama Ndoo, akasema, "Mifupa hii, mama, utanifidia na kamba?" Akapewa na kamba. Fundi alisimama pembeni, mikono imeloa grisi, na Kidosho alipogeuza shingo kutazama zizi, Fundi aliingia ndani akafunga mlango. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa. Mkewe hakumwita.

Kaka Mkubwa alishindwa uenyekiti. Watu walidhani habari hiyo itampoza Mama Ndoo. Impoze nini? Uenyekiti hautoi maziwa.

Kisha mvua zikaja, chache, za kuja na kukatika. Kaka Mkubwa alipanda mahindi kwenye nusu yake, yakachomoza, yakafika magotini, mvua ikanyamaza, yakajikunja na kuwa ya njano. Nusu ya Mama Ndoo hakuna aliyeipanda. Iliota yenyewe, mvua ile ile, mawe yale yale, ikajaa kijani mpaka mawe hayakuonekana, na safari hii wapita njia walisimama langoni bila kucheka.

Kaka Mkubwa alikuja na mbuzi wake asubuhi moja, kundi zima, pamoja na ng'ombe aliyemnunua wakati wa kampeni ili aonekane mfugaji. Fundi alikuwa langoni anakaza mpira mpya. Mama Ndoo alikuwa ndani ya shamba, ameinama, mundu mkononi. Maua ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuinamisha vichwa.

"Majani yetu yamestawi," Kaka Mkubwa akasema.

Yetu! Mama Ndoo akainuka. Maneno yalimjaa kinywani kiasi kwamba hakujua aanze na lipi.

"Fungua lango, mdogo wangu," Kaka Mkubwa akasema. "Mbuzi wana njaa."

"Ndiyo, kaka," Fundi akasema.

Mama Ndoo alifumba macho. Akasubiri kusikia lango likikwaruza, na kwato. Akasubiri. Alisikia mbuzi mmoja akilia, na nzi. Alipofumbua macho, Fundi alikuwa bado amechuchumaa pale pale, ameuvuta mpira kwa nguvu zake zote, anauzungusha kwenye nguzo.

"Wewe, husikii? Nimesema fungua."

"Nimesikia, kaka," Fundi akasema, na akauzungusha tena.

Kaka Mkubwa alitazama lango, akatazama mahindi yake upande wa pili. Mbuzi walianza kumsukuma miguuni.

Mama Ndoo hakuwa amesamehe kitu. Kamba ya Kidosho ilikuwa imekwenda na Kidosho, na zizini kulikuwa na nguzo isiyo na kazi. Lakini alitembea mpaka langoni, akasimama nyuma ya mumewe, akatoa mpira mwingine wa baiskeli begani mwake, akamdondoshea mapajani.

"Kaza na huu," akasema.